Mpigie hodi kwanza: namna ya kusema na mnyama wako kama unavyosema na mtu

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Cherehani yangu ipo barazani, na mkono wa kushoto wa kiti changu kuna kapu la vipande vya vitambaa ambamo hulala paka jike wa rangi ya majivu, jina lake Bimkubwa. Mteja anayekuja mara ya kwanza akinisikia nasema, "Hebu vuta mkia, mama, nasogeza kiti," huangaza macho kutafuta nazungumza na nani. Akishaona ni paka, mwingine hucheka, mwingine huniuliza kwa upole kama nalala vizuri siku hizi. Nalala vizuri. Lakini wapo pia wanaomwona Bimkubwa akivuta mkia kweli, wakakaa kwenye benchi na kuniuliza nimefanyaje. Haya ninayoandika ni ya hao.

Hakuna aliyenifundisha. Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi. Mchana watu waliingia na kutoka, lakini baada ya isha nyumba ilibaki yangu na ya paka huyu, wakati huo mtoto mdogo aliyeletwa na mwanangu kwa sababu ya panya. Kwa miaka 26 nilikuwa nimezoea kumsimulia mtu siku yangu kabla ya kulala: nani kalipa, nani kakopa, unga umepanda kiasi gani. Maneno yale hayakuondoka na marehemu. Yalinijaa kifuani kila usiku, nikawa namwambia paka. Mwezi wa pili nikagundua jambo. Nikisema, "Haya, tulale," yeye hutangulia mkekani kabla sijainuka. Sikumfundisha kwa chakula wala kwa fimbo. Alisikia neno lile lile, saa ile ile, kwa sauti ile ile, usiku baada ya usiku, akalijua.

Kiswahili chenyewe kimetutangulia katika hili. Kisu kimeanguka, mti umeanguka, jiwe limeanguka. Lakini mtoto ameanguka na paka ameanguka. Mnyama tumempa a- ile ile tunayompa mtu. Ukisema "paka wangu amechoka" umeshamweka upande wa watu kabla hujafikiri. Kilichobaki ni kumtendea hivyo mdomoni.

Ila tusijidanganye. Katika Surat An-Naml tunasoma kwamba Nabii Suleiman alifundishwa usemi wa ndege, na akamsikia chungu akiwaonya wenzake waingie maskani mwao. Sisi hatukupewa hilo. Bimkubwa haelewi nikimwambia kodi ya fremu imepanda. Anachoelewa ni sauti yangu, maneno machache aliyoyazoea, mwendo wa mikono yangu, na kama nina haraka au sina. Kusema naye kama mtu kunamfaa kwa sababu kunanifanya mimi nimwendee kama mtu: sishtukizi, sinyakui, sipiti bila salamu.

Hodi

Ukichukua jambo moja tu katika maandishi haya, chukua hili. Sisi watu wa pwani hatuingii nyumba ya mtu bila hodi, hata mlango ukiwa wazi, hata kama ni nyumba ya dada yako. Mwili wa mnyama ni nyumba yake. Watu wengi wanaokwaruzwa na paka zao wameingia bila hodi: paka kalala, mtu anapita nyuma yake, anamshika tumbo. Wewe ungefanya nini?

Hodi ya paka inapigwa hivi. Simama au chuchumaa mbali kidogo, upande ambao anaweza kukuona. Taja jina lake mara moja, kwa sauti ya kawaida. Nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake, usikipeleke mpaka kwake, kiache njiani. Sasa subiri. Akija kunusa na kusugua shavu kwenye kidole, amekuambia karibu. Mkia ukisimama wima, hiyo ni karibu ya furaha. Akigeuza uso, akilaza masikio, ngozi ya mgongo ikitetemeka au mkia ukipigapiga chini, amekuambia si sasa. Nasi tumefundishwa kwamba mtu hubisha hodi mara tatu, asipojibiwa hurudi alikotoka bila kinyongo. Rudi. Mwambie, "Haya, baadaye," uende zako. Hilo la kurudi ndilo watu hawaliwezi, na ndilo linalojenga. Paka akijua kwamba "si sasa" yake inasikika, hana haja ya kutoa kucha ili isikike.

Bimkubwa alichukua karibu mwezi mzima kuamini kwamba nitarudi kweli nikikataliwa. Tangu hapo, mara nyingi ni yeye anayenipigia hodi mimi: hugusa kiwiko changu kwa mguu wa mbele, mara moja, kisha anangoja nimalize mshono.

Jina na maneno

Mpe jina usiloona haya kulitaja mbele za watu, na ulitumie kwa heri tu. Jina si la kugombea. Kama kila ukisema "Bimkubwa!" kinachofuata ni kufukuzwa mezani, atajifunza kwamba jina lile ni dalili ya shari, na siku unamwita moto unawaka jikoni hatakuja. Binti wa kaka yangu, aliyesomea udaktari wa mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, aliniambia kwamba mwaka 2019 watafiti wa Japani, akiwamo Atsuko Saito, walichapisha majaribio yao: paka alisomewa maneno kadhaa yanayofanana urefu na jina lake, kisha jina lenyewe. Paka wengi waligeuza masikio au kichwa zaidi waliposikia jina lao. Kwa hiyo jina analijua. Kuitikia ni hiari yake, na mwenye kukasirika kwa hilo amekosea mnyama wa kufuga.

Baada ya jina, maneno ya kazi. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoharibikiwa, na yetu iliharibikiwa. Paka akipanda meza ya kukatia, mimi nilisema "Shuka." Mwanangu alisema "Toka." Mjukuu wangu alisema "Wewe! Si nimekukataza?" Paka alibaki mezani akitutazama mmoja mmoja. Tukakaa jioni moja, watu watatu, tukakubaliana neno moja kwa jambo moja, na asiyelikumbuka anyamaze. Orodha yetu haijafika maneno kumi hadi leo.

"Shuka" ni kuteremka popote alipo. "Nakubeba" husemwa kabla mikono haijamgusa, kisha unahesabu pumzi moja, ndipo unamwinua, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio. "Naweka" ni kabla ya kumtua. "Sogea." "Subiri." "Kucha." "Tulale." Na "basi," ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote.

"Basi" maana yake ni kwamba jambo limekwisha, kweli limekwisha. Nilipoanza kumkata kucha nilikata moja tu kwa siku. Nilisema "Kucha," nikabonyeza kidole taratibu, nikakata ncha nyeupe (ile sehemu ya waridi ina damu na maumivu, usiifikie), nikasema "Basi," nikamwachia mguu. Hata kama alikuwa ametulia na kishawishi cha kukata ya pili kilikuwepo, sikukata. Siku ya kumi na kitu hakuuvuta tena mguu wake. Sasa nakata kucha za mguu mzima, na bado nasema basi mwishoni, na bado naachia palepale. Ukisema basi halafu ukaendelea, umemfundisha kwamba mdomo wako hauna thamani, na kulirudisha neno lile ni kazi ya miezi.

Kuhusu sentensi ndefu: mwambie tu. Mimi humsimulia Bimkubwa gauni zima, linavyokatwa, mshono wa bega unavyonisumbua. Lakini neno la kazi liweke peke yake, na kimya kabla yake na kimya baada yake. Ukilifukia katikati ya hadithi hatalipata.

Sauti

Usipaze. Sikio la mtu hukomea sauti za mtetemo wa takribani 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kama 45,000, na la paka hupita 60,000. Anayesikia panya akitembea darini hahitaji kupigiwa kelele kutoka jikoni. Ukipaza, anachosikia ni hasira, neno lenyewe linapotea ndani yake.

Ile sauti nyembamba ya kubembeleza, ambayo watu wazima huionea aibu, usiionee aibu. Mwaka 2022 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Paris Nanterre, likiongozwa na Charlotte de Mouzon, liliwasikilizisha paka 16 sauti zilizorekodiwa. Mwenye paka alipohama kutoka sauti ya kusema na watu akaingia ya kusema na paka, paka walishtuka na kusikiliza. Mgeni alipofanya vilevile, hawakujali. Maana yake, ile sauti unayomsemesha wewe imekuwa lugha yenu wawili, na mtu baki hana ufunguo wake. Mimi nilipoambiwa hivyo nilimkumbuka marehemu mama yangu, aliyekuwa na sauti moja ya kumwita mbuzi wake na hakuna mwingine nyumbani aliyeweza kumwita akaja.

Macho nayo yanasema. Kumkazia paka macho ni kumtafuta ugomvi. Fumba macho taratibu kama mtu anayesinzia, fumbua, kisha tazama pembeni kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliandika mwaka 2020 kwamba paka hurudisha kufumba huku, na humsogelea zaidi mtu anayefanya hivyo. Nimejaribu na paka shume wa sokoni ambaye haguswi na mtu. Hakunisogelea, lakini alikaa chini.

Halafu mwachie nafasi ajibu. Haya ni mazungumzo. Paka wazima hawalialiani sana wao kwa wao. Ile nyau wanayotutolea ni jambo walilojiwekea kwa ajili yetu. Sikiliza yake ikoje. Bimkubwa ana mlio mfupi unaopanda mwishoni, huo ni salamu. Ana mrefu unaoshuka, huo ni wa mlango. Ana mmoja wa puani, midomo imefungwa, akimwona ndege kwenye waya. Ule mkoromo wa kifuani usiuamini peke yake: paka hukoroma akistarehe, na hukoroma pia akiumwa. Tazama mwili mzima. Kwa wiki mbili hivi nilikuwa naandika kwenye daftari la vipimo vya wateja: mlio gani, saa ngapi, alikuwa anataka nini. Nakushauri ufanye hivyo. Utashangaa ulivyokuwa ukiambiwa mambo kila siku bila kuyasikia.

Mbwa ana mlango wake mwingine

Ng'ambo ya ua wetu wa michongoma anakaa mzee mmoja mstaafu wa reli, na mbwa wake anaitwa Askari, wa rangi ya kahawia, sikio moja limekatika ncha. Mimi ni Mwislamu, mbwa simwingizi ndani, lakini salamu simnyimi. Kila asubuhi nikifungua dirisha: "Askari, umeamkaje? Usiku shwari?" Naye hutikisa mkia mpaka kiuno.

Nilimkosea siku moja, na ninaisimulia kwa sababu wengi hukosea hivyo hivyo. Lango liliachwa wazi, akaingia barazani kwangu, akatafuna gauni la satini la mteja lililobaki kutiwa zipu. Nilirudi kutoka soko la samaki la Deep Sea saa nzima baadaye. Nikamwendea na gauni mkononi nikamwambia yote: satini ya shilingi ngapi, harusi ni kesho, mimi nitalala saa ngapi. Akalaza masikio, akageuza uso, akalamba midomo, akajikunyata. Nikasema moyoni, ametubu.

Hakutubu. Mwaka 2009 Alexandra Horowitz, mtafiti wa mbwa huko New York, alichapisha jaribio ambalo wenye mbwa waliambiwa kwamba mbwa wao wamekula kilichokatazwa, mara nyingine kweli, mara nyingine si kweli. Ule uso wa mwenye hatia ulitokea mwenye mbwa alipogomba, awe mbwa amekula au hajala. Askari hakuwa na habari ya gauni. Alikuwa amemwona jirani anayemsalimia kila asubuhi amegeuka mtu mwingine, naye akinisihi kwa mwili wake nitulie. Nilipojua hivyo nilikwenda kwenye michongoma nikamwambia, "Kunradhi, Askari." Hakuelewa na hilo, lakini sauti aliijua.

Basi ukisema na mbwa kama mtu, usimfanyie kesi ya jambo lililopita. Mtu mzima unaweza kumwita ukamwambia juzi ulinikosea. Mbwa anaishi papo kwa papo: sema wakati mdomo wake uko kwenye gauni, au funga lango na unyamaze.

Sifa nazo zina kanuni yake. Huko Budapest, Hungaria, mtafiti Attila Andics na wenzake waliwazoesha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba ile sehemu ya ubongo inayofurahia tuzo iliamka pale tu neno la sifa liliposemwa kwa sauti ya sifa. Neno zuri kwa sauti kavu, hakuna. Sauti tamu yenye neno lisilo na maana, hakuna. Unaposema "Vizuri sana" useme unamaanisha. Kama huna moyo nayo, bora umpapase tu shingo. Hutaki ajue kwamba unamsifu huku unatazama simu.

Lugha ni yoyote. Yule mzee husema na Askari Kibondei, mimi Kiswahili, naye hutuelewa wote wawili. Usibadilishe lugha ya nyumbani kwa kudhani mbwa ana lugha yake ya amri. Nimewaona vijana wanaojifunza maneno ya Kiingereza kwa ajili ya mbwa, kisha wakikasirika yanawatoka ya Kiswahili, na mnyama anachanganyikiwa. Sema ile itakayokutoka ukishtuka.

Watoto wa madrasa walikuwa wakipita hapa na mawe mfukoni kwa ajili ya Askari. Niliwaomba wakae, nikawakumbusha hadithi ya Mtume wanayoijua: yule mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akiramba udongo kwa kiu, akasamehewa. Kisha nikawaonyesha. Simama ubavu, usimwelekee kifua. Mikono chini, tupu. Usimtazame machoni. Sema, "Habari, Askari," kwa sauti ya chini, mara moja, uendelee na safari, usikimbie. Siku ya tatu waliacha kubeba mawe. Hayo ni kwa mbwa unayemjua mwenyewe na mahali pake. Mbwa mgeni, anayeyumba, anayetokwa udenda, au aliyebadilika ghafla tabia, usimsemeshe kabisa. Kaa mbali na mtoe taarifa kwa bwana mifugo. Na yeyote akiumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka, osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara huua. Mchanje mnyama wako kila anapotakiwa. Siku ya sindano mwambie tunakwenda wapi, mbebe kwa "nakubeba," na njiani endelea kusema naye mambo ya kawaida.

Asipojibu

Hili ndilo lililonifanya niamini kwamba haya si mazoea ya mjane tu.

Mwaka juzi, asubuhi ya Jumatano, nilimwambia Bimkubwa kama kawaida, "Umeamkaje, mama?" Hakujibu. Katika miaka yote hakuwahi kukosa ule mlio mfupi unaopanda. Nikarudia. Akafumbua macho akayafumba. Dagaa alizinusa akaziacha. Saa nne akaanza kutokwa mate na kujipangusa mdomo kwa mguu. Nikamwambia, "Nakubeba," nikamtazama mdomoni, nikaona uzi mweupe umezunguka chini ya ulimi unashuka kooni. Uzi wangu mwenyewe.

Mkono ulikwishaushika. Nikampigia simu binti wa kaka, akapiga kelele: "Shangazi, usivute!" Akanieleza. Uzi ukinasa ulimini huku ncha nyingine imeshafika tumboni, matumbo huendelea kuusukuma, nao haupiti. Yanajikunja juu yake kama kitambaa kinavyojikunja ukivuta uzi wa marinda. Ukiuvuta, unakata kama msumeno. Usivute unaotokea mdomoni, usivute unaotokea nyuma. Nilimfunika kwenye kapu lake, bajaji, mpaka kwa daktari wa mifugo, akapasuliwa jioni ile. Alipona. Daktari aliniambia ningengoja siku mbili tatu, angekuwa ameoza matumbo.

Ningengoja, kama nisingekuwa namsalimia. Paka huficha ugonjwa, na mtu ambaye hasemi naye huona tu paka amelala, kama paka wanavyolala. Kwa hiyo salimia kila asubuhi kwa maneno yale yale, uangalie jibu. Likibadilika siku moja, mchunguze mdomo, chakula, mkojo. Likiwa halijarudi kesho yake, nenda kwa daktari, usiendelee kumbembeleza. Nyuzi zangu sasa zinakaa kwenye kopo lenye mfuniko, na sindano haiachwi na uzi wake hata nikiitwa mlangoni.

Na kwa kuwa tumeufikia ugonjwa: kusema naye kama mtu kusikupeleke kumtibu au kumlisha kama mtu. Paracetamol, hii tuliyonayo kila nyumba, humuua paka, hata kipande cha kidonge. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu ya paka na ya mbwa pia, kwa hiyo mchuzi wako wa pilau si wake. Chokoleti ni sumu kwa mbwa. Maziwa, ambayo sote tunadhani ndiyo chakula cha paka, paka wengi wazima huharisha wakinywa. Mwambie "pole" kadiri unavyotaka, kisha mpe maji safi na samaki wa kuchemsha asiye na chumvi.

Ukisafiri

Hapa wenye kusema na wanyama wao husahau kwamba wameacha nyumbani kiumbe aliyezoea mazungumzo. Mwaka jana nilikwenda Morogoro siku tatu kwa mahafali ya binti wa kaka. Nilimwachia Bimkubwa binti wa jirani, wa miaka 12, pamoja na karatasi iliyokatwa kwenye daftari la vipimo. Sikumwandikia chakula peke yake, nilimwandikia maneno. Nainakili kama ilivyo, nawe andika ya kwako:

Asubuhi sema, "Umeamkaje, mama?" Ngoja ajibu. Asipojibu nipigie simu, hata kama nipo kwenye mahafali.

Usimbebe bila kusema "nakubeba." Akigeuza uso, muache.

Akipanda meza, "shuka," mara moja. Usimrushie kitu.

Maji asubuhi na jioni. Dagaa wa kuchemsha, bila chumvi, kiganja kimoja.

Usiku kaa naye kidogo kwenye mkeka umsimulie chochote, hata ya shuleni. Kisha sema, "Haya, tulale."

Ukifunga mlango, mwambie utarudi saa ngapi.